Kirusi Nilikiua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimekiua! Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, nimekiua kirusi kilichokuwa kinaitesa kompyuta ya kitengo cha macho. Shahidi wa kwanza ni Matroni, mkuu wetu wa wauguzi. Wa pili ni Bi Daftari, karani mwenzangu, ambaye hakupiga makofi.

Matroni aliuliza kirusi kilitoka wapi. Nikamjibu kwamba virusi vya kompyuta ni sawa na mafua, mtu hajui kaambukizwa na nani. (Najua. Wiki iliyopita nilishusha programu ya bure ya kutengeneza vyeti. Nilitaka cheti cha Mfanyakazi Bora wa Kitengo, Matroni atie sahihi tu. Nafasi ya Msimamizi wa Kumbukumbu iko wazi na haitajijaza yenyewe.)

Dawa ya kirusi nayo nimeipata bure. Ina sharti moja la kipuuzi: inafuta vitu kumi tu kwa siku, ukitaka zaidi uinunue. Na ilikuta vitu mia mbili na kumi na viwili! Mjinga angekaa wiki tatu akingoja. Mimi nikaisogeza saa ya kompyuta mbele siku moja. Kumi vikafutwa. Nikaisogeza tena. Kumi vingine. Kompyuta ya watu ikafika mwisho wa mwezi kabla ya chai. Kisha nikaibofyabofya kurudi nyuma, kwa kukisia. Ujanja kuwahi.

Matroni alitaka kujua jambo moja tu, orodha. Daktari bingwa wa upasuaji hutujia mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu, wagonjwa sitini. Mwaka huu anafika Jumatatu ijayo na kuondoka Jumatano jioni. Orodha ya hao sitini iko kwenye flashi, na flashi iko kwenye kompyuta, na kompyuta iko mikononi mwangu. Nikamwambia iko salama salimini.

Namba nne kwenye orodha hiyo ni Shangazi.

Alikuwa namba sabini na tatu. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitano. Jicho lake la kushoto lilishakufa. La kulia lina mtoto wa jicho, na presha ya jicho inapanda, na daktari msaidizi alimwambia bila kuzunguka: mwaka huu, au basi. Njia ya halali ipo. Matroni ana nafasi tano za dharura, unampelekea mgonjwa, anamtazama, anaandika, yameisha. Lakini nimpigie Matroni magoti mwezi huu huu ninaotafuta cheo? Nikampandisha Shangazi mwenyewe kwenye kompyuta. Na kwa kuwa Bi Daftari anaweka nakala ya kila kitu kwenye daftari lake jeusi, nikamwambia huyu wa sabini na tatu keshafanyiwa upasuaji kwingine, amfute. Akamfuta kwa wino mwekundu, tena kwa rula. Hakuna atakayelinganisha.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimehamia ndani ndiyo maana nje kuna upara.

Jumanne, 4 Machi

Kirusi kimekufa lakini matanga hayajaisha.

Kwanza, intaneti haifunguki. Waya mzima, taa zinawaka, jirani zetu wa kitengo cha meno wanaperuzi watakavyo. Kwetu kimya. Pili, kwenye kona ya chini mkono wa kulia kumekaa tangazo la kupunguza tumbo kwa siku saba. Mwanamume ameshika suruali iliyompwaya, anacheka. Ukimfuta anarudi. Amekalia pale pale penye saa na tarehe. Bi Daftari akasema huyo bwana anaonekana kufurahia kuliko sisi.

Tatu ndilo baya. Nimefungua flashi. Folda ya orodha ipo, lakini ukiibofya unaambiwa kitu hiki hakipo. Nikaifuta hiyo folda ya uongo. Sasa ndani hamna kitu. Peupe! Ajabu ni kwamba flashi yenyewe inadai imejaa nusu. Imejaa nini, na ndani hamna kitu?

Nimewaza hadi saa sita. Jibu likaja. Kirusi kimekula orodha na kimejificha humo na tumbo lake. Nusu iliyojaa ni yeye! Basi dawa ni kufomati. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Ikauliza tena kama najua kwamba kila kitu kitafutika. Mashine ya kike hii, nikasema, inauliza kama Bi Daftari. Nikabofya ndiyo, na ndiyo.

Flashi sasa ni safi. Haina kirusi. Haina chochote.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda kwa fundi wa kompyuta, yule dada mwenye kibanda nyuma ya duka la dawa, anayetembea na bisibisi sikioni badala ya kalamu. Nikamweleza habari za rafiki yangu mmoja aliyeua kirusi.

Akaniuliza kama flashi ya huyo rafiki ilionekana tupu lakini inasema imejaa. Nikastaajabu amejuaje. Akasema ni kazi ya kila siku. Kirusi cha namna hiyo hakili mafaili, kinayaficha tu. Ukishakiua, mafaili yanabaki yalipo, yamefichwa vile vile, mpaka mtu aende kwenye mipangilio aweke alama ya tiki aseme onyesha vilivyofichwa. Tiki moja. Hata mtoto anaweza. Mradi tu, akasema, huyo rafiki yako asiwe ameifomati.

Nikaikodolea macho ile bisibisi.

Akasema basi nimpe pole rafiki yangu. Akaendelea. Intaneti haifunguki kwa sababu kirusi kiliielekeza kupita kwenye mlango wake, sasa yeye hayupo na mlango umebaki umefungwa. Tangazo lina kamba yake mahali, inatafutwa inakatwa. Na saa nayo itazamwe, maana intaneti isipokuwepo saa ya kompyuta haijirekebishi. Kuua nyoka ni kazi moja, akasema, kupekua shimo ni nyingine. Alikuwa tayari kuja mwenyewe, nusu saa tu.

Aje? Apite mlangoni na bisibisi sikioni, Matroni aulize huyu nani na ameitwa kwa nini? Nilikwisha kutangaza ushindi! Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Akanitazama nikiondoka, kisha akaniita kwa sauti akasema nimwambie rafiki yangu upara unampendeza.

Alhamisi, 6 Machi

Matroni anataka orodha ichapishwe. Nikasema wino wa printa umekauka. Bi Daftari akachapisha barua yake ya likizo palepale, nyeusi ti.

Nikasema kuna wino wa barua na wino wa orodha.

Usiku wa leo sijui nitakula nini kikashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamezidi unga. Saa mbili kamili Matroni alisimama nyuma ya kiti changu. Nikaanza kueleza kuhusu mafaili na vivuli vyake. Hakungoja. Akamgeukia Bi Daftari. Bi Daftari akafungua kabati, akatoa lile daftari jeusi, akalifungua mezani. Majina sitini, namba za kadi, jicho la kulia au la kushoto, simu ya ndugu wa karibu. Mwandiko wa mtu anayekula chakula chake taratibu. Na baada ya sitini, wa akiba, hadi themanini.

Matroni akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema tufuate hilo.

Nikatazama mstari wa sabini na tatu. Wino mwekundu. Umenyooka kwelikweli.

Naandika haya kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Ilikuwa ni kusema tu. Matroni alikuwa hatua moja kutoka kwangu, nafasi zake za dharura bado zipo, Bi Daftari kalamu mkononi. Samahani, huyu wa sabini na tatu nilikosea, hajatibiwa, ni shangazi yangu na jicho linakufa. Maneno kumi na manne. Mdomo ukafunguka, halafu nikaiona ile nafasi ya Msimamizi, nikaona Bi Daftari akikalia kiti changu cha kuzunguka. Nikasema hongera Bi Daftari, umetuokoa. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonikera zaidi.

Mchana nikapata akili. Kila mwaka siku ya tatu kuna wagonjwa wanaoingia woga, hawatokei. Daktari anabaki na nafasi, wanaita yeyote mwenye kadi. Basi Shangazi awe pale Jumatano na kadi mkononi! Kompyuta inatengeneza kadi nzuri kuliko mwandiko wa mtu. Unaandika jina, unaandika siku ngapi kuanzia leo, yenyewe inajaza siku na tarehe. Kutoka Ijumaa hadi Jumatano ni siku tano. Nikaandika tano. Ikachapa. Bi Daftari alikuwa anarudi kutoka chooni, viatu vyake vinasikika kutoka mbali, nikapiga muhuri fasta na kuitia kwenye bahasha kabla hajafika.

Sijashindwa. Nimezunguka tu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Shangazi. Nikampa shikamoo, akanijibu akiniangalia sikio, maana sasa ananiona kwa pembeni tu, kivuli. Chumba chake kimepangwa ajabu. Kila kitu kina mahali pake na ole wako usogeze stuli. Anapika kwa kusikiliza sufuria.

Nikampa bahasha. Nikamwambia siku na saa zote zimeandikwa humo, jirani atamsomea, afuate kadi. Asinipigie simu kazini. Asitaje kwamba tunajuana. Asimwambie mtu nani kampa. Mimi nitakuwa ndani, nitajua la kufanya.

Akauliza kwa nini tujifiche kama wezi. Nikasema ndivyo mambo ya ofisi yalivyo siku hizi. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Akaipapasa kadi kingo zote nne, akaiweka chini ya mto. Akaniambia akipona kitu cha kwanza atakachotazama ni uso wangu, aone kama nimenenepa au mke wangu ananidanganya.

Nikacheka. Nikatoka nikaenda kukaa kituoni, mabasi matatu yakanipita.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari bingwa amefika. Mfupi, kimya, ananawa mikono kama anaidai kitu. Wagonjwa ishirini, wote wametokea. Bi Daftari anaita majina kutoka kwenye daftari jeusi kwa sauti ya mwalimu. Kompyuta imekaa na bwana wake wa suruali. Matroni amepita mara nne na mara zote amesimama upande wa Bi Daftari.

Jana nilijaribu kuufungua mlango wa intaneti mwenyewe. Sasa hata kikokotoo hakifunguki.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili asubuhi, hayupo. Nikasema anakuja.

Saa nne, hayupo. Nikatoka mpaka getini. Nikarudi.

Saa sita na nusu ikatokea kama nilivyotabiri! Mzee mmoja, namba hamsini na nane, aliona sindano akavaa kofia yake akaondoka. Nafasi wazi. Bi Daftari akatoka kwenye korido akauliza kama kuna yeyote mwenye kadi ya upasuaji. Nikasimama mlangoni nikatazama mabenchi yote. Mama na mtoto. Mlinzi. Ndoo ya kudekia. Daktari alingoja dakika kumi na glavu mkononi, hakukasirika, alingoja tu. Nilitaka kupiga simu. Nilimkataza Shangazi kupiga, nami sikujua tena namba ya jirani anayempokelea simu, nilikuwa nimeitunza kwenye ile flashi.

Kisha daktari akavua glavu.

Saa kumi na moja jioni gari lilimchukua. Matroni akatushukuru wote, akaanza na Bi Daftari na akaishia naye.

Nimemkasirikia Shangazi njia nzima. Wazee wana shida gani? Mtu unajivunja mgongo kwa ajili yake na yeye anasahau siku!

Alhamisi, 13 Machi

Nilipofika kazini alikuwa amekaa kwenye benchi la kwanza.

Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili. Ameoga, nguo zimepigwa pasi, mkoba magotini, ndani ya mkoba kanga mbili za kulalia wodini. Kadi kaishika kwa mikono miwili. Bi Daftari alikuwa ameinama mbele yake akiisoma. Alhamisi, tarehe 13 Machi, saa mbili asubuhi. Imechapwa vizuri, ina muhuri.

Nikaingia ndani. Nikalikamata lile tangazo la suruali kwa kipanya nikalivuta pembeni kwa nguvu mpaka likakubali kusogea. Chini yake kompyuta ilikuwa inasema leo ni Ijumaa.

Siku moja. Nilibofya kurudi nyuma nikaacha siku moja.

Matroni akatoka. Akamkagua Shangazi kwa tochi pale pale kwenye benchi, muda mrefu. Akauliza mbona mtu wa hali hii hakuletwa kwake, angemwandika dharura bila neno, nafasi mbili zilibaki hazina mtu. Akauliza kadi hii nani kaitoa, maana kwenye daftari jina limefutwa kwa maelezo kwamba keshatibiwa.

Bi Daftari akanitazama. Mimi nikatazama kadi.

Shangazi akasema hamjui aliyempa. Ni kijana mmoja tu, akasema, uso hakumwona kwa hali ya macho yake, ila alikuwa na adabu.

Nikaenda chooni nikalia. Nililia kweli, na maji nikayafungulia.

Daktari msaidizi amempa dawa ya matone na barua ya kwenda hospitali kubwa. Hospitali kubwa imempa miadi ya baada ya wiki sita. Alipokuwa anaondoka nilimpita mlangoni na rundo la karatasi kama mtu asiyemjua. Akageuza kichwa, akazifuata hatua zangu mpaka mwisho wa korido.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki sita hazikufika. Jumatano iliyopita presha ya jicho ilipanda, akapiga kelele mpaka majirani wakavunja mlango. Maumivu yametulizwa. Jicho limekwisha. Anajua dirisha liko wapi, basi.

Bi Daftari ndiye Msimamizi wa Kumbukumbu kuanzia leo. Hakuniripoti. Alifunga mlango akaniambia neno moja, kwamba aliufuta ule mstari kwa mkono wake mwenyewe na hawezi kulala. Yeye! Nikamwambia asijilaumu, akosaye ni kirusi.

Jambo lake la kwanza kama mkubwa lilikuwa kumwita fundi wa bisibisi. Nusu saa kamili. Intaneti imefunguka, bwana wa suruali ametoweka, saa ni sahihi, antivairasi mpya imenunuliwa kwa pesa halali. Fundi akaniuliza rafiki yangu anaendeleaje. Orodha ya mwaka ujao tayari iko humo, majina mia moja na saba. Bi Daftari ananifundisha kunakili kwenye daftari jeusi, lakini nina shughuli, nitaanza kesho kutwa.

Jana nilikwenda kwa Shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa na sentensi ya kwanza kabisa. Akaniwahi. Akasema amesikia ni kirusi cha kompyuta ndicho kilichoharibu tarehe, na mimi nisiumie, nilifanya nilichoweza. Nikasema ndiyo, ni kirusi. Akaniomba nisogee. Akanipapasa uso kwa mikono yote miwili, paji, mashavu, kidevu. Akasema sijanenepa.

Akasema kinachomsumbua ni barua tu. Binti yake aliyeolewa mbali bado humwandikia, na jirani anasoma kwa haraka kama tangazo la mnada, anaruka sehemu za mapenzi.

Ninasoma vizuri. Ningeweza kwenda kila Jumapili. Lakini leo mchana nimepata bora zaidi! Kuna programu inayosoma barua kwa sauti, ya mwanamke, tena taratibu. Dukani ni ghali. Nimeipata bure, mahali fulani, na nitamwekea kwenye simu yangu ya zamani nimpe, atakuwa na msomaji wake mwenyewe usiku na mchana. Nimeishusha kwenye kompyuta ya ofisi kwa kuwa ndiyo yenye intaneti, Bi Daftari akiwa wodini. Antivairasi mpya ikapiga kelele. Programu ikasema izimwe kwanza, ndipo iingie.

Nimeizima. Inaingia sasa, imefika nusu.